Kila Asubuhi Tulijaribu Laini

Jumatatu, 4 Machi

Leo Meneja ametukusanya chini ya ngazi akatuambia swichibodi yangu, ile ya kuunganishia simu, inang'olewa. Yeye hakusema "yangu", alisema "mfumo wa zamani". Simu zote na faksi zote, hapa makao makuu na kule tawini, zinaondoka kabla mvua hazijaisha. Kila mtu atakuwa na simu yake mezani inayopita kwenye intaneti. Mteja akipiga atapokelewa na sauti iliyorekodiwa, imwambie abonyeze moja akitaka pampu, mbili akitaka mabomba. Karatasi zitapigwa picha ziende kwa barua pepe. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, nisije nikaonekana mchawi.

Akauliza kama kuna swali. Nikauliza, "Na jaribio la asubuhi?"

"Jaribio gani, mama?"

Sikushangaa kwamba hajui, yeye huingia wakati limeshakwisha. Kila siku kabla milango haijafunguliwa nainua laini ya tawi na kusema, "Makao makuu hapa, unanisikia?" Kule wanajibu, "Nakusikia vizuri, tuma." Natuma karatasi moja ya faksi yenye tarehe ya siku hiyo. Wanasema, "Imefika," wananirudishia karatasi ile ile ikiwa na alama ya vema, tunatakiana siku njema, basi. Bila hivyo unaweza kugundua saa sita mchana kwamba laini imekufa na lori limeondoka bila karatasi.

Meneja akatabasamu. "Mfumo mpya unajijaribu wenyewe, mama."

Sikumwambia kwamba anayejibu kule tawini ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kwamba maneno hayo ya jaribio ndiyo pekee tunayosemezana tangu mama yetu afariki. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio sawa. Joto. Mawingu yanajipanga tu, hayamwagi kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimweleza binti yangu habari za mfumo mpya nikidhani atanipa pole. Akasema, "Basi mama, mpigie mama mdogo simu ya kawaida kama watu wengine." Kwake kila kitu ni chepesi.

Mama alikuwa akiishi kwa Kitinda. Jina hilo tulimpa sisi kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na hata sasa akiwa na mvi linamfuata. Mama alifia mikononi mwake, msimu kama huu. Nilipopata habari nilipanda basi siku ile ile, nikakuta daraja limefunikwa na maji. Nikapiga simu kutoka ng'ambo ya mto nikasema nisubirini, hata kama ni kesho. Hawakunisubiri. Nilipofika udongo wa kaburi ulishasawazishwa na Kitinda anagawa chai. Wazee ndio walioamua, alisema. Nikamwambia mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile mimi na yeye ni watu wa ofisi moja, basi. Akasema, "Sawa, dada."

Ndiyo mara ya mwisho kuniita dada. Sasa naitwa makao makuu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza na laini imeanza kukoroma. Kitinda naye kazidi. Nilipouliza unanisikia, alianza kujibu hata sijamaliza, tena kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku shambani. Zamani alikuwa na sauti ndogo, mama alikuwa akimwambia kila mara aseme kama mtu aliyekula. Mwaka huu na uliopita amekuwa wa kupayuka. Nimekiondoa kisikizi sikioni mpaka alipomaliza. Kama amenichoka, haya, mfumo mpya unakuja kumpumzisha.

Jumatatu, 18 Machi

Fundi amefika. Mtu wa makamo, tumbo limemtangulia, bisibisi kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Alisimama mbele ya swichibodi akaiinamia kidogo. "Shikamoo bibi," akaiambia. Kisha akanigeukia mimi, "Na wewe dada, hujambo?" Nilicheka bila kutaka. Amevuta nyaya za buluu kupita juu ya dari siku nzima, na vumbi lote limeangukia meza yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Jaribio sawa.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo karatasi ya jaribio imerudi na kitu zaidi ya alama ya vema. Chini kabisa, kwa mwandiko ule wa kulala upande, pameandikwa, "Mvua kubwa huku."

Niliishika mpaka wino wa faksi ukanibaki vidoleni. Miaka yote hii hajawahi kuongeza neno, si kwa mdomo wala kwa karatasi. Mhasibu akapita akaniuliza kama kuna habari mbaya. Nikasema hapana, ni mvua tu tawini.

Siku nzima najiuliza anataka nini. Pengine ameshasikia mambo ya mfumo mpya. Pengine mvua imeingia ndani kwake na hana wa kumwambia, maana yule hakuolewa na mama ndiye aliyekuwa mtu wake. Halafu nakasirika. Kama una la kusema, mdomo si unao? Tumetoka kuzungumza sasa hivi, umesema tuma, umesema imefika, umesema siku njema. Hilo la mvua lilikushinda nini kulisema?

Lakini karatasi sijaiweka kwenye faili. Nimeikunja nikaitia kwenye mkoba.

Jumanne, 2 Aprili

Nilimjibu. Sikuandika. Neno la mdomo hata ukilikana linakanika, la karatasi linabaki likikukodolea macho. Alipopokea nikasema, "Makao makuu hapa. Hata huku inanyesha. Paa la stoo linavuja, tumetega ndoo." Moyo ulikuwa unanienda mbio, kwa habari ya ndoo.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kufukuza kuku, "Nakusikia vizuri. Tuma."

Basi. Kanitolea nje mchana kweupe. Ukisikia mtu kapigwa kofi la simu, ndilo hilo. Nikatuma karatasi yenye tarehe, bila hata nukta ya ziada, na sitaongeza nukta.

Jumatano, 3 Aprili

Jaribio sawa. Karatasi imerudi na alama ya vema tu.

Alhamisi, 4 Aprili

Vema tu.

Alhamisi, 11 Aprili

Jioni nilikuwa nachambua mchele, binti yangu akaniambia anawasiliana na mama yake mdogo. Ameanza lini, sijui, na sikuuliza. "Ila hapokei simu, mama. Nikipiga inaita mpaka inakata, halafu ananiandikia ujumbe."

"Anabana salio," nikasema.

"Kupokea nako kunakula salio?"

Nikaendelea kuchambua. Naye akaendelea, maana huyu mtoto hakumezeshwa aibu. "Juzi ameniuliza, mama yako bado anakohoa mvua zikianza?"

Nikamwambia kwenye mchele kuna mawe mengi msimu huu. Nikainamisha kichwa kwenye ungo ili asinione. Kikohozi changu hakijulikani na mtu hapa, kimekwisha siku nyingi. Ni cha utotoni, tulipokuwa tunalala kitanda kimoja naye anaamka kunisugua mgongo kwa vijikono vyake vile.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua ya usiku kucha. Asubuhi nimeinua laini ya tawi, kimya. Hata kukoroma hakuna. Nikasema, "Makao makuu hapa, unanisikia?" kwenye kitu kilichokufa, tena na tena, mpaka Fundi akashuka ngazini kunitazama.

Ni kweli laini hukatika, imeshakatika mara nyingi. Kilichonishangaza ni mimi. Simu za wateja zilikuwa zinaingia kwa laini nyingine nami naziunganisha vibaya, mtu wa mabomba nampeleka kwa Mhasibu. Nilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. Kumbe siku yangu yote imesimama juu ya yale maneno machache, na mimi nilidhani nayasema kwa ajili ya kampuni.

Fundi alikuta nguzo imelala huko njiani. Mchana akanipa kisikizi, "Bibi anakoroma lakini hajafa." Nikapiga. Kitinda akapokea upesi sana, kama aliyekuwa ameikalia simu. "Tawi hapa! Tawi hapa! Nakusikia vizuri!" Wala sikuwa nimesema neno.

Nikajua hasira yangu imekwisha. Sijui imekwisha lini, pengine zamani, na nilikuwa nalinda ghala tupu.

Jumatano, 24 Aprili

Meneja ameniita. Mimi nitakaa mapokezi, kuandikisha wageni. Nikauliza na wa tawini je. Akasema kule nafasi hiyo haitakuwepo tena, ameshapewa taarifa. Alisema kwa upole, siwezi kumsingizia.

Fundi ametaja siku. Jaribio la mwisho ni Ijumaa ya tarehe tatu Mei. Jumamosi anang'oa hapa, Jumatatu anapanda kwenda kung'oa kule.

Kwa hiyo baada ya Ijumaa ile, asubuhi nitaamka na hakutakuwa na mahali popote ambapo mdogo wangu analazimika kunijibu. Nitamwambia kabla ya hapo. Nitamwambia kwa mdomo, kama mtu na ndugu yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilifungua mdomo, nikafyata ulimi. Jaribio sawa.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nilifika mpaka, "Nilitaka kukwambi..." Akasema, "Siku njema, makao makuu." Akakata. Nikajifariji kwamba labda hakunipa nafasi kwa kuwa ana kazi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimefika ofisini kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Nilivaa gauni la buluu, sijui kwa ajili ya nani, simu haina macho. Nyaya mpya zilikuwa zimening'inia kila mahali na maboksi ya simu yamepangwa mpaka mlangoni pangu. Fundi alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi. Akaniona, akachukua kikombe chake akaondoka. Yule mtu ana adabu zake.

Nikainua laini ya tawi. Mvua ilikuwa imepungua na laini ilikuwa safi, siku nyingi haijawa safi hivyo.

"Makao makuu hapa, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri. Tuma."

Nikatuma karatasi. Nikaisikiliza ikipita kwenye mashine, na kwa upande wa pili nikaisikia mashine yao ikiitema.

"Imefika," akasema.

Hapo ndipo nikasema. Nilikuwa nimeyapanga siku nyingi lakini yalitoka yanavyotaka. "Kitinda, ni mimi. Ni dada yako. Mama alikufa mikononi mwako, na mimi nikakuhukumu kwa udongo. Sina kinyongo tena. Nakukumbuka kila siku. Kazi hii ikiisha njoo ukae kwangu, au niambie nije mimi. Kitinda, nimechoka kuwa makao makuu."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi. Nilimsikia anavuta pumzi, nilimsikia kabisa. Nikangoja. Ningengoja mpaka wafungue milango.

Akasema, kwa sauti kubwa, pole pole kama mtu anayesoma, "Siku njema, makao makuu. Asante kwa kazi yote."

Akakata.

Nilibaki na kisikizi sikioni. Fundi aliporudi akakiondoa yeye mwenyewe kichwani kwangu, taratibu, akakiweka mezani. Nikamwambia vumbi la dari limeniingia machoni. Akasema hilo vumbi ni baya kweli.

Sasa nimejua. Nilimpa mkono na yeye amenigeuzia kisogo, tena kwa heshima zote, na asante juu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyamwaga mbele ya watu, sasa nataka nani anizolee? Naumwa mwili mzima. Binti yangu ameniuliza nimekula nini mchana nami sikumbuki.

Jumatatu, 6 Mei

Mfumo mpya umewashwa. Sauti iliyorekodiwa ni ya msichana anayefurahi sana.

Jumanne, 7 Mei

Mapokezini. Wageni wachache.

Alhamisi, 9 Mei

Fundi amerudi kutoka tawini na faksi yao chini ya kwapa. Alikuja mapokezini kusaini, akaegemea kaunta. Akasema watu wa kule ni wema, wamempa mihogo ya kubeba. "Ila yule mama wa simu ndiye aliyenitia huruma."

Nikauliza kwa nini. Nilijifanya napanga kalamu.

"Si nilikuwa nyuma yake nataka kuchomoa waya, namwambia mama sogea kidogo. Kimya. Namwita tena. Kimya. Nikadhani ananidharau, mpaka mwenzake akaja akamgusa bega. Kumbe hasikii, dada. Hasikii kitu. Huu mwaka wa tatu, masikio yote mawili. Wamemfichia ili asipoteze kazi. Simu za wateja wanapokea wao, yeye anashika faksi, kwa macho."

"Na jaribio la asubuhi?" nikauliza.

"Hilo alikuwa analifanya mwenyewe, hataki mtu aliguse. Taa ikiwaka anajua makao makuu wako kwenye laini. Maneno si ndiyo yale yale kila siku? Anahesabu pumzi kidogo, anajibu. Alinionyesha. Ujanja mtupu."

Nilikwenda stoo ambako amezipanga mashine za zamani. Faksi yangu ilikuwa pale juu ya swichibodi, waya umekatwa kwenye mzizi. Aliniandikia mvua kubwa huku kwa kuwa kuandika ndiko kulikobaki. Nami nikamjibu kwa mdomo kwa kuwa nilikuwa na kiburi cha karatasi. Akangoja kwenye mashine, ikatoka tarehe peke yake. Naye siku zile alikuwa anajua kazi inaisha.

Binti yangu amesema, "Mama, nikupe namba, umwandikie sasa hivi." Nimekataa. Nimeomba ruhusa ya kesho. Nakwenda.

Jumamosi, 11 Mei

Nimerudi leo mchana.

Daraja ni jipya, la zege, unapita hata hujui umepita. Nyumba ni ile ile. Mlango ulikuwa wazi na Kitinda ameketi na mgongo kwa mlango, anashona kitufe cha shati. Nilibisha hodi kwa mazoea, nikajiona mjinga. Nikazunguka mpaka mbele yake, nikasimama kwenye mwanga.

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Dada, umekonda," kwa sauti iliyojaa nyumba nzima.

Tulishikana, hatukusema kitu, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na aliyekuwa na nafuu kuliko mwenzake. Amekuwa mzee. Ana shingo ya mama. Akaniletea kitabu cha shule cha zamani na kalamu, akaniambia yeye ataongea, mimi niandike. Nikaandika kwamba Fundi ameniambia. Akaitikia kwa kichwa, akamaliza kushona kitufe, akaukata uzi kwa meno.

"Miaka ile ya mwanzo nilikuwa nasikia," akasema. "Nilikuwa nasikia vizuri kabisa, dada. Kila asubuhi nakaa nangoja useme kitu. Ukimaliza kazi nasema moyoni, labda kesho. Hukusema."

Nikachukua kalamu. Akaukamata mkono wangu.

"Ngoja. Sikulaumu. Nataka nikwambie kitu cha kuchekesha. Masikio yalipokwenda watu walinililia. Mimi nikaona afadhali. Maana sasa taa ikiwaka najiambia, labda leo amesema. Amesema, ila mimi ndiye sikusikia. Nikawa naishi hivyo, nakwenda kazini nina furaha. Wenzangu wanashangaa, huyu kiziwi anafurahia nini?"

Akanisogezea kitabu.

"Ulikuwa unasema?"

Nilimtazama. Alikuwa amevikazia macho vidole vyangu, kama alivyokuwa akitazama mikono ya mama ikigawa chakula. Nikaandika, "Kila siku."

Akasoma, midomo ikicheza. Akaichana ile karatasi kwa uangalifu, akaikunja, akaitia kifuani.

"Nilijua," akasema.

Kisha akaenda jikoni kuchemsha chai. Nami nikalia kwa sauti, maana hangeweza kunisikia.